Cherehani Yangu, Kicheko Chake

Mdogo wangu amekalia kiti changu, mbele ya cherehani yangu, anapiga pedali kama aliyezaliwa nayo. Mimi nimepewa kazi ya vifungo. Roho inaniuma, na sifichi: ni wivu.

Tuliugua ugonjwa mmoja. Tangu tuzae, kila chafya, kila kikohozi, mkojo ulituponyoka. Kucheka ndiko kulikuwa balaa. Tulipishanisha miguu kwanza ndipo tucheke, mpaka wateja wakatuita Mikasi. Ni mimi niliyesikia habari za upasuaji, mimi niliyemshawishi, yeye akilia kwa woga. Daktari yule yule akatuwekea kila mmoja utepe wa kushikilia njia ya mkojo. Yeye alitoka hospitali mzima kama kigongo. Mimi nilitoka na paja la kulia linalowaka moto kwa ndani, huku ngozi yake imekufa ganzi. Nikikanyaga pedali, goti linakwenda zake nje.

Nilirudi kwa daktari, akanipa mto niubane kwa magoti. Ukaanguka. Akasema mshipa wa fahamu wa paja uliguswa wakati wa kupitisha utepe, ndiyo maana misuli inayovuta mguu ndani imelegea. Nifanye mazoezi, huenda nguvu zikarudi, ila hawezi kuniahidi. Huenda! Na kiti changu je?

Leo nikaona haiwezekani mdogo wangu awe amepona kiasi hicho. Nikasimama mbele yake nikamwigiza yule bwana harusi aliyekuja kupima suti, akavuta tumbo ndani kwa majivuno mpaka kifungo kikafyatuka na kumpiga mama mkwe usoni. Nia yangu, Mungu anisamehe, ilikuwa alowe mbele ya wateja.

Alicheka mpaka akailalia cherehani. Nikakitazama kiti: kikavu. Kicheko chake kikaniambukiza, nikaanza kucheka na mimi, huku nimekasirika. Kwa mazoea nikataka kupishanisha miguu, paja likagoma. Nikacheka hivyo hivyo, machozi yakinitoka.

Mdogo wangu aliinuka kwenye cherehani, akanitazama miguu.

"Dada," akasema taratibu, "umecheka bila kupishanisha."

Nikajipapasa gauni kwa nyuma. Kavu kabisa.

Na hata hilo, yeye ndiye aliyetangulia kuliona.