Mtumiaji wa Kawaida

"Inakataaje? Seva yangu, umeme wangu, chumba changu."

"Imekataa, Mjomba. Soma hapo mwenyewe."

"Mimi nisome nini? Si nimekuajiri wewe usome?"

"Hujaniajiri."

Mjomba akavuta kiti, akakaa. Kiwanda cha magodoro kilikuwa chake, na huyu anayebishana naye alikuwa mtoto wa dada yake, fundi wa kompyuta. Fundi alianza kazi hapo kabla hajaoa. Sasa mkewe ana mimba ya pili na mkataba hajauona. Kila akiuliza, anaambiwa mikataba ni ya watu baki, sisi ni damu moja. Ila safari hii Mjomba alitamka mbele ya watu: hifadhidata ya kutunzia oda ikiwaka, Fundi anaandikiwa mkataba.

Na mwenye mkataba pale hupewa godoro jipya. Godoro la Fundi lilikuwa na shimo katikati. Mkilala pembeni, asubuhi wote mnajikuta shimoni. Mkewe alishasema wazi kwamba mtoto huyu halazwi humo.

Seva yenyewe ilikuwa kuukuu. Programu zilizokuja zimeshatengenezwa ziliigomea, kwa hiyo Fundi akaamua kuijenga hifadhidata mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, yaani maandishi ghafi ya programu, kama mtu aliyekosa suruali ya saizi yake dukani akanunua kitambaa. Alifungua kifurushi, akaiambia programu ikague mashine. Ikasema kuna kitu kinakosekana. Akakitafuta, akakiweka. Ikasema bado kingine. Akakiweka nacho. Ndipo ikakubali kujengwa, na mistari ikapanda kwenye skrini asubuhi nzima huku feni za seva zikinguruma. Fundi alikunywa chai, akaangalia, akafurahi. Kazi yake aliipenda, hilo halikuwa na ubishi.

Shida ilikuja kwenye kuwasha. Seva ina akaunti moja yenye mamlaka yote, na Mjomba alishaagiza kila kitu kiwashwe kwa hiyo, maana ndiyo yake. Hifadhidata ikaandika kwamba haiwashwi na mwenye mamlaka yote. Inataka akaunti ya mtumiaji wa kawaida, asiye na lake ila chumba cha data.

"Ni usalama tu," Fundi alisema. "Mwenye funguo zote akikosea, anaharibu kila kitu."

"Basi mtengeneze huyo wa kawaida," Mjomba alisema, akatoka kwenda kuangalia malori.

Fundi akaandika amri ya kuongeza mtumiaji. Akamkabidhi chumba cha data kiwe chake, akamfungia njia ya kuingilia seva kutoka nje, kama mafundi wote wanavyofanya, akabonyeza. Alipogeuka, mwanamume alikuwa amekaa juu ya boksi la nyaya. Shati la kijivu, viatu bila kamba, mvi kidogo kichwani.

"Shikamoo, baba," yule mtu alisema.

"Marahaba," Fundi alijibu, ingawa kwa umri yeye ndiye alipaswa kuamkia. "Utaiwasha?"

Akaiwasha. Kabla ya jioni oda za magodoro zilikuwa zinaingia bila kukwama.

Watu wa kiwandani walimwita Kimya. Alikaa kwenye chumba cha seva tu. Akifika mlangoni anasimama, kwa sababu njia ya kuingia ikishafungwa, ya kutokea nayo imefungwa. Hakula, hakulala, hakulalamika. Dada wa usafi alimfagilia chini ya miguu, akasema mume wa hivi ndiye aliyekuwa anamtafuta miaka yote, asiyejua baa iko wapi. Kimya akainua miguu, akacheka kidogo.

Aliyeleta maneno ni mama wa utumishi. Alisema hawezi kuwa na mtu baki ndani ya jengo bila karatasi. Wakaguzi wa kazi wakija, atawaambia nini? Mjomba akaona ni kweli. Mkataba ukaletwa palepale chumba cha seva, ukawekwa juu ya boksi.

"Umezaliwa wapi?" mama wa utumishi aliuliza.

"Hapa."

"Mzazi?"

Kimya akamwonyesha Fundi kwa kidevu. Mama wa utumishi akawaangalia wote wawili, akasema siku hizi watoto wanazeeka haraka, akaandika. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza jina la Fundi kuingia kwenye faili la kiwanda.

"Na wangu, Mjomba?" Fundi aliuliza.

"Nafasi ilikuwa moja."

"Uliniahidi mbele ya watu."

"Wewe mwanangu. Mimi na wewe tuandikiane nini?" Mjomba akasaini, akafunika kalamu, akatoka na mama wa utumishi.

Wakabaki wawili, na feni.

"Baba," Kimya alisema, "niizime?"

Fundi alijua hakuna mwingine wa kuiwasha tena. Mjomba angekuja anakimbia, na kalamu mkononi. Aliangalia skrini. Oda zilikuwa zinapita moja baada ya nyingine, safi, kila moja inakaa mahali pake, na hakuna kilichokuwa kimejijenga chenyewe humo. Yeye ndiye aliyejenga.

"Iache," alisema. "Inaenda vizuri mno."

"Basi chukua godoro langu. Mimi silali."

Mtu wa stoo alifungua kitabu cha masharti, akakuta inaruhusiwa: mfanyakazi asiyehitaji godoro anaweza kumpa mzazi wake. Akalitoa, nene, bado na nailoni. Fundi akasaini kwenye nafasi ya mzazi. Akalibonyeza kwa ngumi katikati, likarudi juu lenyewe. Akalibonyeza tena, kwa raha tu.

Mjomba alikuwa amesimama getini na madereva.

"Kesho wahi," alisema. "Printa ya stoo imegoma."

"Nitawahi, Mjomba."

"Umeona? Hata godoro umepata."

"Nimepewa na mwanangu," Fundi alisema. Akajitwika godoro kichwani, likamfunika mpaka macho, akageuka, akashika njia ya nyumbani.