Gari Lisilofunguka kwa Ndani

Mama mwenzangu, kama kwako kuna kijana aliyeingia kwenye kikundi cha watu wanaounda kitu, na nyumba nzima mnafurahi, furahini. Lakini nenda ukakague mlango. Ingia mwenyewe, ufungiwe, halafu ujaribu kutoka. Mimi sikutoshea humo, sikuweza kujaribu, ndiyo maana nayaandika haya.

Mume wangu ni fundi wa kuchomelea. Karakana yake imeshikana na jiko langu, kwa hiyo yaliyosemwa humo yote niliyasikia nikiwa napika. Walianza wawili, yeye na mwalimu wa fizikia anayekaa mtaa wa nyuma. Baadaye akaja bwana wa posta ambaye kazi yake ni kupima vifurushi. Huyo tulimpachika jina la Mizani, maana hawezi kushika kitu bila kukipandisha na kukishusha mkononi. Siku ya kwanza alimnyanyua mtoto wa jirani akasema, "Huyu ni mzito kuliko anavyoonekana." Mama yake hajamsalimia mpaka leo.

Walikuwa wanaunda gari la magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, la mtu mmoja, jepesi hata watu wawili wanalibeba kama wanahamisha kitanda. Waliliita Unyoya. Dereva analala chali, miguu mbele, na juu yake anafunikwa na plastiki nyembamba inayoonyesha. Mwalimu alisema nesi angeweza kwenda kazini na kurudi wiki nzima kwa petroli ya kujaza chupa ya soda. Mume wangu aliona karakana kubwa, vijana wamevaa ovaroli za rangi moja. Na mimi, msinicheke, nilijiona nimelala humo na miwani ya jua, napita mbele ya nyumba ya wifi yangu polepole.

Binti yetu mkubwa tunamwita Sindano kwa wembamba wake. Alikuwa amemaliza shule akakaa nyumbani. Anafagia, anaosha vyombo, akimaliza anatazama ukuta. Mwaka mzima hivyo. Siku moja aliwapelekea chai karakana, Mwalimu akamtazama, akaweka kalamu chini.

"Jamani, tunahangaika nini? Dereva si huyu hapa?"

Mizani akasema, "Niliogopa kusema. Ni mtoto wa watu."

"Wa watu gani?" mume wangu akamjibu. "Wa kwangu."

Sindano aliinuka kuanzia siku hiyo. Alicheka mpaka nikasahau kwamba alikuwa ameacha kucheka. Sasa niambie, mama gani angesema hapana?

Tatizo lilikuwa uzito. Kila jioni walikuwa wanatafuta kitu cha kutoa. Walitoa mto wa kiti nikawashonea kitambaa cha kuning'inia. Honi ikatolewa. Simu ikakatazwa, inabaki mezani kwa Mizani. Matundu ya hewa wakayaziba kwa utepe wa gundi, eti upepo ukiingia unalivuta gari nyuma. Kisha nikaona Sindano amefumua nywele zake za kusuka, na anabakiza nusu ya chakula.

"Kula, mwanangu."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Hewa?"

"Hewa haina uzito," akasema, akacheka, akaenda zake.

Siku waliyotoa komeo ya ndani nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana. Plastiki ile ilifungwa kwa komeo mbili za nje, pembeni, na moja ya ndani. Mizani aliishika ile ya ndani, akaipandisha, akaishusha.

"Hii ya nini? Sisi ndio tunamwingiza, sisi ndio tunamtoa."

"Na msipokuwepo?" nikauliza.

"Shemeji," akasema, "umewahi kuona sufuria ina mpini kwa ndani?"

Wakacheka, na Sindano naye akacheka. Nikamwambia ndani ya sufuria hakai mtu. Mwalimu akaniambia kwa upole kwamba gari hili haliendi popote bila wao, ni la majaribio tu, na likija kuuzwa litawekewa milango kama ya mawaziri. Mume wangu alichukua bisibisi.

Walikuwa wakilijaribu ndani ya uwanja wa kiwanda kilichofungwa. Kuna barabara ya lami inayozunguka maghala, na mlinzi aliwafungulia geti kisha akafunga nyuma yao ili pikipiki zisiingie. Ukisimama pale mwanzo unaona kipande kidogo tu, barabara inakata kona nyuma ya ghala, inashuka bondeni, inatokea upande wa pili. Pale kwenye mteremko dereva anazima injini na kuliacha gari liteleze lenyewe. Chini anawasha tena. Huo ndio ujanja wenyewe, petroli yote inaokolewa hapo. Kwa hiyo wenzangu wale walijifunza kupenda kimya. Injini ikiwaka wananuna, ikizima wanatabasamu.

Siku niliyokwenda nao jua lilikuwa kali. Walimlaza Sindano, wakamfunika, wakabana komeo. Alinipungia mkono kupitia plastiki. Unyoya ukaondoka na sauti ya cherehani, ukapiga kona. Tukasikia injini imezima.

"Sasa," Mwalimu akanong'ona.

Tukangoja iwake. Haikuwaka.

"Mtoto anajua," Mizani akasema. "Anateleza mpaka tone la mwisho la mteremko."

"Mbona kimya kimezidi?" nikauliza.

"Kila kimya ni petroli inayobaki, shemeji."

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameweka kidole mdomoni, macho yamemng'aa kama siku aliyozaliwa huyo huyo Sindano. Walikuwa na furaha, mama mwenzangu. Nasema hivyo kwa sababu watu wanadhani hatari huja na watu wabaya. Hawa walikuwa wanampenda. Walisimama pale wakiufurahia ule ukimya, kila mmoja akimwonyesha mwenzake saa, na mwanangu alikuwa humo.

Nikaanza kutembea. Mume wangu akanishika mkono.

"Usiingie barabarani. Ukimsimamisha, jaribio limeharibika. Usitutie aibu."

"Niache."

"Mama Sindano, dakika moja tu."

Nikauchomoa mkono. Sikupita barabarani, nilikata katikati ya maghala, kwenye vichaka na vyuma vilivyooza, nikiwasikia nyuma wakiniita kwa sauti ya chini, maana hata kunifokea walikuwa wanaogopa wasije wakakosa kuisikia injini ikiwaka.

Unyoya ulikuwa umesimama bondeni, mnyororo umechomoka na kuning'inia. Plastiki ilikuwa nyeupe kwa mvuke wa ndani, kama kioo cha bafuni. Nilichokiona kwanza ni viganja vyake viwili vimebandikwa juu yake. Halafu mdomo. Alikuwa ameubandika kwenye ufa mwembamba pembeni, anavuta hewa kama samaki. Hakuweza kukaa, hakuweza kugeuka, wala hakuwa na nafasi ya kukunja goti apige teke. Nilizifungua komeo. Zilifunguka kirahisi kabisa, kwa kidole. Kwake zilikuwa upande wa pili wa plastiki nyembamba kama karatasi.

Nilimtoa amelowa jasho, hana nguvu, midomo imebadilika rangi. Nikapiga kelele, ndipo wakaja. Mizani alivua shati akamtengenezea kivuli. Mume wangu alikaa chini kwenye lami na chupa ya maji, mimi ndiye niliyemnywesha mtoto. Mwalimu alimpepea kwa karatasi zake akiomba radhi, sijui kwangu, sijui kwa Mungu.

Kidogo kidogo Sindano akafumbua macho. Alitutazama mmoja mmoja. Nikamwinamia nisikie, maana sauti haikutoka.

"Imebaki ngapi?"

Nilidhani anauliza chupa za maji. Lakini Mwalimu alimwelewa. Aliinuka, akaenda kuangalia mrija wa petroli, akarudi akiwa anaficha tabasamu kama mtu aliyeko msibani.

"Karibu yote," akasema.

Na mwanangu akacheka. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kwenye gari nilikuwa na komeo za kufungua; kwake sikuona hata moja.

Niliweka sharti: bila cha kufungulia ndani, haingii mtu. Hawakubishana. Mume wangu alifunga kamba nyembamba kwenye zile komeo za nje, akaipitisha ndani, ukiivuta inafunguka. Walitoboa tena matundu ya hewa. Mizani hakuipima ile kamba, alisema hataki hata kujua. Nikalala usingizi.

Wiki hii watakuja wageni kutoka kampuni inayounda magari, kuliona Unyoya likizunguka. Mwalimu amenunua suruali mpya. Jana asubuhi nilikwenda karakana kupangusa ile plastiki, nikaingiza mkono nivute kamba. Haipo. Nikamwendea mume wangu, akaapa hajaigusa, na nilimwamini kwa jinsi alivyobadilika uso. Nikamkuta Sindano uani anaanika nguo. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba ile ile.

"Nani kaitoa?"

"Mimi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Inaning'inia mbele ya macho. Na ina uzito, mama."

"Uzito gani? Kamba ya kuanikia soksi?"

Alibana kibanio cha mwisho, hakunitazama. "Mama, wageni wakiondoka bila kulipenda gari, mimi narudi kufanya nini humu ndani?"

Nilitazama ule ua wetu, ukuta pande tatu na mlango wa jikoni upande wa nne, na ufagio umeegemezwa pale pale anapouachaga kila siku.

Nimemrudishia baba yake kamba, ameifunga upya kwa waya mbele yangu. Sindano alisimama akiangalia, mikono nyuma, na nilijua anaangalia waya umezungushwa vipi. Mwalimu nimemwambia kwamba siku ya wageni mimi nitakaa bondeni, nyuma ya ghala, penye mteremko. Akasema wageni wataniona, picha itaharibika. Nikamwambia nitakaa kwenye vichaka.