Tarehe ya Leo

Mimi sikuupenda ukurasa wa internet wa Zéphyrin tangu mwanzo, na nilimwambia usoni. Kambini Kashuga waliniona mama mwenye roho mbaya. Wao waliusifu, na kwa kweli ulisaidia. Shirika moja la misaada lilikuwa na serveur, kompyuta kubwa yenye habari za njia zote na hesabu ya waliokufa humo, na kila asubuhi laptop ya Zéphyrin ilizichota, ikazimwaga ndani ya ukurasa. Kijani, pita. Nyekundu, kaa nyumbani. Baada ya hapo ukurasa haukubadilika mpaka asubuhi nyingine.

Lakini nani kambini ana mega za kufungua internet kila siku? Mmoja aliuhifadhi, akawarushia wenzake kwa Bluetooth. Watu walipolalamika kwamba hawajui ni wa lini, Zéphyrin aliweka tarehe juu kabisa, na ili asihangaike, tarehe hiyo ikachukuliwa kwenye saa ya simu ya msomaji mwenyewe. Kijana mwenye diplome ya Goma, hakuona alichokifanya!

Kisha antena ya mtandao ikazimika. Laptop haikuchota kitu. Kurasa za zamani zikaendelea kuzunguka simu kwa simu, na kila kulipokucha zilivaa tarehe mpya.

Isidore, kaka yake Zéphyrin, alitaka kwenda upande wa Omate kumchukua mama yao kabla vita havijafika kule. Mimi, jirani yao, nilikuwa nasonga bugali nje ya hema lao alipomuuliza mke wake, Jeannette.

"Page inasema nini?"

"Njia ya bonde iko verte," akasema, kidole juu ya ile kijani.

"Ni ya zamani ao ya leo?"

Jeannette akamwonyesha simu. "Angalia wewe mwenyewe. Date njo ya leo."

Akafunga viatu, akaenda.

Wanaume wawili walimrudisha kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, amefunikwa kitenge. Bonde lilikuwa limefungwa tangu antena izimike, na wenye bunduki waliolifunga hawakumuuliza jina. Jeannette hakulia. Aliishika simu ile, yenye kijani chake na tarehe ya siku hiyo, akamnyooshea Zéphyrin. Zéphyrin alitazama juu ya kioo, akaelewa, akakaa chini kwenye matope. Nilimchukia, na nilimhurumia, yote pamoja.

Tulipokwisha kuzika, antena ikawaka. Laptop ikachota yote yaliyokuwa yamesubiri. Bonde: nyekundu. Wafu: 1.

"Moja njo nani?" Jeannette akauliza. "Andika jina yake, shemeji."

"Serveur haitoaka majina, dada."

"Andika na mikono yako."

Zéphyrin akaandika "Isidore" kando ya ile moja. Akaondoa pia tarehe ya uongo, akaweka siku habari zilipochotwa. Jioni yote Jeannette alizunguka hema kwa hema akiwaonyesha watu jina la mume wake, na kwa mara ya kwanza akalia.

Asubuhi laptop ikachota tena, kama ilivyofundishwa, ikaujenga ukurasa upya kutoka mwanzo. Serveur ile huhesabu wafu wa kila siku peke yake, na kilichoandikwa kwa mkono kikafutika.

Jeannette alimjia Zéphyrin na simu mkononi, tukiwa bado tunawasha moto.

"Shemeji, leo wameandika wafu zéro," akasema polepole. "Sasa Isidore iko wapi?"