Mguu wa Mzee Barua

Hapana, haukukatwa. Uliondoka wenyewe, na hayo ni mambo mawili tofauti, msiyachanganye. Mguu wa kushoto. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, Mzee Barua ameketi sebuleni kwenye kiti cha plastiki, mkewe anamfunga bendeji.

Jina hilo alipewa na mtaa. Miaka thelathini na moja alipeleka barua kwa miguu, maana baiskeli ya posta ilikuwa moja na bosi aliipenda. Enzi zile, mtu akikuandikia, barua inakufikia na vumbi la njia nzima. Mzee alijua nyumba gani wanangoja ya mtoto aliye mbali, na nyumba gani wanaogopa ya mahakama. Ile ya mahakama hakuiingiza chini ya mlango akakimbia, la. Anapiga hodi, anaomba maji, anakaa kwanza. Habari mbaya haipokelewi umesimama, ndivyo alivyosema.

Halafu sukari ikamwingia, kidole kidogo cha mguu kikawa cheusi. Daktari wa hospitali kubwa akakitazama kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu, akasema mguu ukatwe chini ya goti, Jumatatu ijayo. Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Foleni yake ilifika getini.

"Ila hatukulazimishi, mzee wangu," akasema. "Siku hizi mgonjwa anaamua mwenyewe. Atakuja binti nyumbani na tableti."

Binti ndiye aliyekuja Jumanne hiyo. Yeye ndiye aliyeitengeneza programu ya tableti hiyo, mpole, viatu alivivua mlangoni bila kuambiwa. Kwenye kioo palikuwa na picha ya mzee wa mguu mmoja anacheka mpaka jino la mwisho, na chini yake vitufe viwili: Nakubali, na Nikumbushe kesho.

"Cha kukataa kiko wapi?" mke wa mzee akauliza.

"Hakipo, mama. Wakubwa walisema kinawachanganya wagonjwa."

"Na akibonyeza hicho cha kukumbushwa?"

"Mara tatu, mama. Ya tatu inahesabiwa amekubali."

"Heh! Hata mimi nilipoposwa nilipewa nafasi zaidi ya hiyo."

Mzee Barua akacheka, akabonyeza akumbushwe kesho. Hapo ndipo mguu ulipojitoa gotini, taratibu, kama mtu anavyonyanyuka mkekani baada ya mazungumzo marefu. Damu haikutoka. Ukavaa ndala yake, ukaelekea mlangoni.

"Huo nao," mke akasema, "unatoka na bendeji sijamaliza kuifunga."

Binti akachukua daftari akaufuata, kwa sababu kazi yake ni kuwaangalia watu wanavyotumia vitu. Mguu ulishika njia ile ile ya zamani. Ulipita ilipokuwa posta, sasa wanauza makava ya simu, ukageuka kwenye bomba, ukapanda ngazi za nyumba za reli. Kila mlango ulisimama kidogo. Vijana wakauamkia shikamoo. Bibi mmoja alichungulia dirishani akauliza, "Leo hamna yangu?" Mguu ukatulia. "Haya, labda kesho," bibi akasema, akarudi kwenye kitanda chake kama alivyofanya miaka kumi na minane. Kwenye nyumba moja ya bati jekundu mguu ulikaa kizingitini kwanza, ukapumzika, ndipo ukaendelea. Binti aliandika kurasa sita.

Jioni ukarudi, ukajipachika mahali pake. Binti akapiga magoti mbele ya kiti.

"Babu, mguu huu unautakia nini?"

Mzee Barua akaupapasa mguu. Zamani dresa wa zahanati, yule mfunga vidonda, alikuwa akiuliza hivyo hata kabla hajafungua bendeji, wewe mwenyewe unaonaje, utakwenda wapi na huo mguu. Tangu dresa yule azikwe, hakuna aliyeuliza tena.

"Nataka kufika kwenye milango ya watu," akasema. "Barua zimekwisha, najua, mimi si mjinga. Lakini wenye milango wapo. Kidole ndicho kibovu, si kweli? Wakate kidole. Tuone. Kikishindikana, mimi na daktari tutakaa tena."

Usiku huo huo binti akaliingiza swali lile kwenye tableti, na nafasi ya kujibu. Ijumaa wakubwa wakaliondoa. Walisema jibu lilichukua dakika nne, na mgonjwa mmoja alianza kuelezea tangu utoto wake.

Kufikia hapo vikumbusho vitatu vilikuwa vimekwisha, na Mzee Barua alikuwa amekwisha kukubali. Jumatatu wakampeleka. Saa tatu kamili mguu ukatoka wodini, kama ulivyotoka kila asubuhi tangu Jumanne ile, manesi wakaupisha. Daktari alipofunua shuka akakuta chini ya goti hamna kitu, ngozi safi.

"Mguu umekwenda wapi?"

"Kazini," akasema Mzee Barua.

Daktari akatazama saa, akatazama foleni. Tableti ilikuwa na nafasi mbili, Bado na Imekamilika. Ile ya Bado hakuweza kuibonyeza, cha kukata hakikuwepo. Akabonyeza ya pili. Simu ya mzee ikalia mfukoni: Hongera kwa uamuzi wako. Alipoomba basi kidole kitibiwe mguu ukirudi, nesi akaangalia kwenye kompyuta akasema haiwezekani, mgonjwa huyu mguu wa kushoto hana.

Kwenye kitanda cha pili alilala mama mshona nguo. Binti, naye alikuwa wodini siku hiyo, alimshika mkono akamuuliza kwa mdomo, mama, mguu huu unautakia nini? Mama akamwambia, kukanyagia cherehani. Ila pa kuliandika jibu hapakuwepo. Mguu wa mama yule haukwenda popote. Walimkata saa tano.

Jioni nyumbani kwa Mzee Barua chakula kimeiva, sufuria imefunikwa, watoto wananusa hewa. Binti naye amekuja, macho mekundu, amekaa pembeni. Mkwe wao akaomba wapakue, kinapoa.

"Kipoe," mke wa mzee akasema. "Tangu lini nyumba hii inakula mtu wa kazini hajarudi?"

Wakangoja. Magharibi ikapita. Kisha ndala ikasikika kwenye kokoto, pole pole, inaburuta kidogo upande wa kidole. Mke akautolea beseni, akauosha vumbi, akaukausha katikati ya vidole. Kile cheusi kilikuwa cheusi vile vile, pengine zaidi. Mguu ukapanda mahali pake, mzee akaunyoosha, akaukunja.

"Binti, sogea, usikae kama mgeni," mke akasema, akafunua sufuria. Wote wakanawa, wakakaa, wakala.