Kijifuko Kwenye Mkanda wa Sketi

Bibi mmoja, mkunga mstaafu, hakupokea nguo kwa fundi kabla ya kuigeuza. Nje, alisema, kila mtu anajua kupaka poda. Ndani ndiko fundi anakojulikana. Basi asubuhi ile, alipofuata sketi ya shule ya mjukuu wake, aliigeuza palepale mezani, akavaa miwani, akapitisha kidole gumba kwenye mshono. Mshono ulinyooka vizuri. Lakini kwenye mkanda wa kiuno kidole kikakwama. Palikuwa na kijifuko kisichozidi kiberiti, kimeshonwa kwa mkono, kina kifuniko chake.

"Na hiki nacho ni nini?"

Fundi, mwanamke mwembamba aliyefika mjini miezi mitatu nyuma kama mkimbizi, aliacha kukanyaga cherehani. Akatupa jicho chumba cha nyuma, alikokuwa mwenye karakana akipiga pasi. Wateja walimwita bwana huyo Futikamba, maana futikamba haikumtoka shingoni hata akienda kunyolewa.

"Bibi, nisamehe, punguza sauti. Hii ni mara ya tatu. Ameniambia nikirudia nikatafute kazi kwingine. Lete nikifumue, dakika moja tu."

"Hebu ngoja kwanza." Bibi akavuta kigoda, akakaa kama aliyekuja kushinda. "Mishono ishirini, nimeihesabu. Mtu hakosei mara ishirini, mwanangu. Niambie."

Fundi akacheka bila kutaka. "Mkono unajiendea wenyewe. Nikishika nguo ya mtoto, nashtukia nimeshamaliza."

"Ulianzia wapi?"

"Kwetu, vita ilipofika mtaa wa pili. Tulijifungia sebuleni kwangu, mimi na majirani, siku mbili tunashona. Kila nguo ya mtoto, kijifuko. Ndani yake kitambaa kilichotariziwa jina la mtoto na la mama yake."

"Karatasi si ingekuwa rahisi?"

"Kulikuwa na mto wa kuvuka, Bibi."

Miaka thelathini na moja Bibi alikuwa amefunga vitambaa vya majina kwenye vikono vya vichanga, na hakuwahi kuwaza mto.

"Vikasaidia?"

"Mwanangu mdogo alinichomoka mkononi ng'ambo ya mto, watu wakisukumana kupanda lori. Siku nne."

"Siku nne ulikuwa unakula?"

"Sikumbuki. Nakumbuka viatu vyangu tu. Kimoja kilikuwa cha mtu mwingine." Akapangusa meza isiyo na vumbi. "Mama mmoja, simjui hadi leo, alikuwa akimwogesha, akakipapasa hicho kijifuko. Akapita kambi nzima akiita jina langu. Kanipita mara mbili, siitiki."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Nilidhani ananiita kunipa habari mbaya. Mara ya tatu ndiyo nikamsikia mtoto naye anaita."

Hapo Futikamba akatokea na pasi mkononi. Akaiona sketi imegeuzwa.

"Tena? Si nilikwambia—"

"Tena nini, baba? Nimeagiza mimi," Bibi akamkata.

"Umeagiza? Mbona sijaona kwenye daftari la oda?"

"Andika basi. Nina wajukuu sita, wanapotea hata njia ya chooni. Sketi hii, na gauni langu la kijani pia, maana na mimi sasa nasahau. Halafu hiyo pasi umeshika wewe, huko nyuma kinaungua nini?"

Futikamba akavuta pumzi puani, akarudi mbio. Ilikuwa suruali ya mtu, na kumbe alikuwa ameiegemeza kwenye jiko la makaa ya pasi.

Fundi alikuwa ameshika mkasi wa kufumulia. Akaurudisha kwenye droo, akachagua uzi mwekundu.

"Jina la mjukuu, Bibi?"

Bibi akalitaja polepole, na la mama yake, akaangalia sindano mpaka herufi ya mwisho. Akakunja sketi, akainuka, na mlangoni akageuka.

"Miezi mitatu nakuita fundi, fundi. Jina lako nani?"

Akamtajia. Bibi akatoka hadi barabarani, akasimama, akaliita kwa sauti yake ya wodini, watu wawili wakageuka.

"Abee!" akaitika fundi, papo hapo.