Namba Ndogo ya Kromati

Kipindi cha mwisho kilimkuta mwalimu wa kemia hoi, sauti imemkauka. Tangu mama yake mzazi apooze, usingizi ulikuwa wa kuibia kati ya kumgeuza upande huu na ule. Binti yake alikuwa dawati la nyuma, na nyumbani walikuwa hawasemezani, kisa bibi kahamishiwa chumbani kwa binti.

Ubaoni mwalimu aliandika chumvi mbili za fedha zisizopatana na maji, kloridi na kromati, na kando ya kila moja zao lake la umumunyifu: ile namba ipatikanayo kwa kuzidisha wingi wa ayoni zilizomo majini pale chumvi inapogoma kuyeyuka zaidi.

"Ipi inayeyuka kidogo zaidi?"

"Kromati," binti alijibu. "Namba yake ndogo."

"Hizo hazilinganishwi hivihivi. Kromati ikiachana inatoa ayoni mbili za fedha, kloridi inatoa moja. Piga hesabu mpaka mwisho."

"Ndogo ni ndogo tu, Mwalimu. Au na hapa tukubali kwa sababu umesema wewe?"

Siku nyingine mwalimu angemtoa nje, lakini leo hata kukasirika kulikuwa kazi. Alichukua neli ya kioo yenye mashapo mekundu ya kromati, akampelekea dawatini pamoja na maji ya chumvi ya mezani, ambayo nayo ina kloridi.

"Mimina. Tikisa."

Binti alimimina shingo upande. Wekundu ukafifia, ukaendelea kufifia, mpaka chini yakabaki mashapo meupe na juu maji ya manjano.

"Kloridi imeinyang'anya fedha," alisema polepole. "Kumbe yenyewe ndiyo ngumu kuyeyuka."

"Ndiyo."

Kengele ilipolia wenzake waliondoka. Yeye alibaki akiosha neli bila kuambiwa.

"Mama," alisema bila kugeuka. Shuleni hakuwahi kumwita hivyo. "Bibi akiamka ananiita kwa jina lako. Sijui nimjibu nini. Nakaa gizani kimya kama mwizi."

Mwalimu alivuta stuli, akajitupa juu yake. Kumbe haikuwa kugombea chumba.

"Itika tu," alisema. "Mimi ananiita mama, nami naitika."

Binti alifunga bomba. Mikono ikimchuruzika maji, akachukua mkoba wa mama yake wenye madaftari na kuutundika begani.

"Leo Bibi mgeuze upande mmoja wewe," alisema, "mwingine nitamgeuza mimi."