Maembe ya Wifi

Kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu pale mtaani aliyekausha maembe kama Juakali. Majirani walimpa jina hilo kwa sababu kila asubuhi alipanda juu ya paa kugeuza vipande vyake, akashuka uso umemwiva. Vilikaa juani siku nne chini ya chandarua, vikatoka vya kahawia, laini kutafuna, vyenye utamu uliodumu mdomoni. Mwenye duka la kona hakununua kwa mwingine.

Kisha kaka yake akaoa, na wifi akaja na kabati la bati la kukaushia, lenye trei sita, kipasha joto na feni ya umeme. Asubuhi analijaza, jioni anatoa vipande vya manjano kana kwamba vimekatwa sasa hivi, bila chembe ya vumbi. Mwenye duka akaviweka mbele kwenye chupa ya kioo. Vya Juakali vikahamia nyuma ya mifuko ya sukari.

Kilichomkata maini zaidi ni mama yao. Mama huyo, ambaye hata chai hakuwahi kuisifu, alikiinua kipande cha mkwewe kwenye mwanga wa dirisha, akasema kinapendeza. Tangu hapo Juakali akawa anakula jikoni peke yake, akisingizia kuosha vyombo. Akisikia feni ikivuma upande wa pili wa ukuta, moyo ulimwaka. Alijiambia ile ni rangi tupu. Siku moja akaonja kimoja kwa kificho. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo lililomuuma hasa.

Hoteli moja ikaagiza mzigo mkubwa wa vipande vya wifi kupitia kwa mwenye duka. Ili awahi, wifi akapandisha joto la kabati hadi mwisho. Mchana akamwita Juakali.

"Wifi, hebu nitazamie. Vimekauka?"

Juakali alikibonyeza kimoja. Nje kilikuwa kigumu kama ngozi ya kiatu, lakini katikati kilibonyea. Alijua papo hapo: joto kali limekaza nje kabla maji ya ndani hayajatoka. Vikifungwa hivyo, vitaota ukungu.

"Vimekauka," akasema.

Siku ya tisa mzigo wote ulirudishwa, umeota ukungu mweupe. Mama alilaumu mashine, kaka akalaumu umeme. Wifi hakumtaja mtu. Alikaa kwenye ngazi akimwaga vipande kwenye ndoo ya taka. Juakali alikuwa ameingoja siku hiyo kwa hamu, na ilipofika, akaiacha sahani yake jikoni. Akamfuata.

"Siku ile nilijua ni vibichi ndani. Nikanyamaza. Nilikuonea wivu."

Wifi hakuinua uso. "Ningekuwa na uhakika, nisingekuuliza wewe."

Baada ya siku nne wifi akaja na trei ya maembe mapya yaliyoiva, akauliza joto liwe kiasi gani. Juakali alilishusha chini ya nusu, akamwonyesha kukata vyembamba, na kuvifungia kwenye chupa siku nzima kabla ya kuuza: kioo kikitoa jasho, bado vina maji, vinarudi kabatini.

Mzigo mpya ulipopelekwa dukani, mwenye duka alimsifu wifi, wifi peke yake. Juakali, aliyesimama palepale, akahisi wivu ule ukirudi.

"Joto nimeliweka mimi," akasema.

"Ni kweli, ni yeye," wifi akajibu, na mwenye duka akaendelea kupima vipande kwenye mizani.